Yah: Taa Iliyowaka Mbande

Afande, barua yako nimeipata,
imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki.
Unauliza kwa nini gari langu binafsi
lilionekana barabarani usiku, na juu yake
taa ya njano isiyo ya Jeshi ikizunguka.
Umenipa siku saba.
Naandika siku ya sita, nimetoka zamu,
viatu bado vina vumbi la Kongwa.

Gari ni langu, sikatai.
Korola ya zamani, mkopo wa ushirika,
imebaki miezi kumi na mmoja.
Mlango wa nyuma haufunguki mpaka uubembeleze.
Taa nilinunua kwa fundi Mnyangulu, Nkuhungu,
elfu kumi na nane, risiti hakunipa.
Sumaku yake imechoka; naifunga kwa mpira wa tyubu.

Gari la doria unalijua.
Liko juu ya mawe nyuma ya kituo,
kuku wa mama ntilie wanatagia kiti cha dereva.

Sasa usiku wenyewe.
Saa nane na robo, upepo wa Julai,
ule usiouliza koti lako ni la nani.
Lori la alizeti limelala ubavu kwenye kona,
mbegu zimemwagika lami nzima, unakanyaga unateleza.
Dereva amekaa mtaroni anahesabu vidole vyake,
anafika tisa, anaanza upya.
Tulikuwa wawili, mimi na Konstebo Lechipya,
na tochi moja
ambayo betri zake tulishaziuma mpaka zikakoma.

Tuliweka matawi, kama ilivyo ada.
Lakini tawi usiku halisemi, Afande.
Tawi linasubiri likanyagwe.

Nikairudisha Korola hatua mia na hamsini,
tairi mbili kwenye lami, mbili kwenye changarawe,
nikawasha viashiria vyote, kushoto na kulia,
kama mtu asiyejua aendako.
Nikapandisha ile ya Mnyangulu juu ya paa.
Ikazunguka.
Ikapaka kichuguu, ikapaka ukuta wa kanisa,
ikapaka uso wa Lechipya, nikaona kumbe bado mtoto.

Basi la kwanza likapunguza. Kondakta akachungulia:
"Mama, harusi iko wapi?"
Sikumlaumu.
Watu wetu taa hizo wanazijua kwa bibi harusi,
na kwa anayesimama vibaya kununua zabibu.
Na huku Dodoma wanazijua zaidi kwa wakubwa:
zikimwekamweka nyuma yako, unaingia porini,
unasubiri heshima ipite.
Yangu haikutaka kupishwa.
Ilitaka mtu mmoja tu akanyage breki.

Basi la tatu lilichelewa kukanyaga.
Lilikuja likilia, likisota,
likasimama kioo chake kikitazamana na changu,
mkono wangu ungefika.
Ndani, watoto wawili wamelaliana,
mmoja mdomo wazi.
Hawakuamka.
Hilo sikuliandika kwenye kitabu cha matukio.
Halikuwa tukio.

Saa kumi na moja betri ikafa.
Tulisukuma, mimi, Lechipya,
na yule wa lori, ambaye sasa vidole vilikuwa vimetimia.

Uliuliza pia nani aliniruhusu.
Hapo nimeacha mstari mtupu.
Nimeukalia usiku mzima, sikupata jina.

Kama kosa lipo, liandikwe, nitatia sahihi.
Ila lisiandikwe kwamba nilijifanya msafara.
Sikuwa nakwenda popote.

Taa naiambatanisha kama kielelezo.
Usiiache ikiwaka ofisini, inakula umeme.
Na ukimaliza kuitazama
naomba irudi kabla ya Ijumaa.

Ijumaa nina zamu.

Koplo Sechelela Chidawali